Mapigo Aliyoyaandika Koplo Hhando

Ndugu waombolezaji, mtuvumilie, kwa kuwa Mama Bernadina, mjane wa marehemu, ameagiza historia hii isomwe yote, pamoja na yale ambayo ukoo ulitaka yaachwe.

Marehemu Koplo Hhando Tluway alizaliwa Kansay tarehe 14 Machi 1938, akasoma huko na baadaye Karatu hadi darasa la nane mwaka 1955, akalima nyumbani, akafunga ndoa na Bernadina huko Endabash tarehe 9 Januari 1960, wakajaliwa Lukresia mwaka 1961 na Raphaeli mwaka 1963.

Tarehe 2 Februari 1965 alijiunga na jeshi, akafunzwa uuguzi, na mwaka 1981 akateuliwa katika kundi la utafiti wa afya na ukakamavu wa askari, kazi aliyoipenda mno. Kila Juni vijana walipanda mbio hadi ukingo wa Ngorongoro wakiwa na mizigo mgongoni, naye akiwangoja juu, saa mkononi, akiwashika shingo, akihesabu mapigo ya moyo na kuyaandika daftarini.

Watafiti nao walitakiwa kupimwa, na tarehe 11 Juni 1982 alipojishika shingo alisikia moyo unapiga, unaruka, unasimama kidogo, kisha unakwenda mbio. Aliogopa sana. Alijua kwamba akiandika alichokisikia atarudishwa nyumbani, basi akaandika sabini na mbili, na akaendelea kuandika hivyo kila mwaka, mtu ambaye hata kwenye bao hakujua kudanganya. Akija likizo alilala ameketi, mkono kifuani, akimwambia mkewe kuwa ni vumbi la njiani tu.

Tarehe 3 Juni 1986 alianguka mlimani mbele ya askari wake, akalazwa, na hapo kitandani akakiri yote. Daktari alieleza kuwa ugonjwa huo wa moyo hutembea katika damu ya ukoo, nasi tukamkumbuka Mzee Tluway, baba yake, aliyeanguka ghafla shambani akilima. Marehemu aliaga dunia tarehe 21 Aprili 1987, saa nne asubuhi.

Tunawashukuru madaktari, majirani wa Kansay na Buger, pamoja na wenzake wa kikosini.

Tangu daktari aseme hayo nyumba yetu ina hofu. Lukresia amepimwa, yu mzima. Piusi, mdogo wa marehemu, anayewasomea haya, alipimwa juzi, na ndiyo maana hamtamwona akishika jeneza. Raphaeli, ambaye ni askari kama baba yake, amekataa, akisema hana neno, naye amejipanga mbele kabisa kulibeba hadi kaburini, huko juu kilimani. Daktari yupo hapa na kipimo chake. Mama yako anakuomba mbele ya watu wote hawa, Raphaeli, utoke kwenye mstari, uje upimwe kwanza, jeneza litakusubiri.

Kaka Hhando, pumzika kwa amani.