Kaluki wa Wathome, Mama wa Filimbi wa Masii

Jumamosi, tarehe 14 Septemba 1996, kamati ya ukoo, baada ya sala na chai, ilitangaza rasmi kwamba katika ukoo huu hajawahi kuzaliwa mtu mwenye kishungi cha nywele nyeupe kwenye paji la uso. Kwa hivyo mtoto Nduku, binti wa Reuben, aliyezaliwa na kishungi hicho na macho ya buluu, si wa ukoo, na mama yake Mwelu arudi kwao Matuu. Tamko lilisomwa na mwenyekiti, Jeremiah, kifungua mimba wa marehemu Kaluki na kaka yake Reuben. Marehemu alikuwepo. Hakusema neno, jambo lililowashangaza wote waliomjua.

Kaluki alizaliwa Masii mwaka 1930. Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nne, akajifunza kusoma, kuhesabu na kutovua kitambaa kichwani. Hilo la tatu alilishika kuliko mwanamke yeyote kanisani, akasifiwa kwa uchaji wake. Chini ya kitambaa alikuwa na kishungi cheupe, ambacho mama yake alimfundisha kukipaka masizi na kukiita laana.

Mwaka 1949 alifunga ndoa na Mzee Wathome, aliyetutangulia mwaka 1989. Bwana harusi alipoona kile kishungi alicheka, akasema, "Kumbe nimeoa mwenye taa yake." Siri hiyo alikwenda nayo kaburini.

Kwa miaka thelathini marehemu aliongoza mwethya, kikundi cha akina mama cha kusaidiana kazi za shamba na kuchimba matuta. Yeye ndiye aliyepiga filimbi: wachimbaji wakaingia, wabeba mawe wakafuata. Jembe hakugusa. Wenye wivu walipomuuliza kazi yake hasa ni nini, aliwajibu, "Nitanyamaza siku moja, mtaijua." Matuta ya Masii bado yamesimama.

Basi Mwelu alifukuzwa, na marehemu, akiamini kwamba ile laana ni yake, akawa anampelekea maziwa Matuu kila siku ya soko, bila maelezo. Mwaka 1998 ikabainika kwamba Nduku hasikii. Marehemu aliwasindikiza Nairobi kwa daktari. Daktari alimtazama mtoto, akamtazama nyanya, kisha akamwomba kwa heshima avue kitambaa.

Alieleza kwamba katika mwili wa binadamu kuna jeni iitwayo PAX3. Yenyewe haitengenezi rangi. Mtoto akiwa bado tumboni, kazi yake ni kuziamuru jeni nyingine zinakiliwe, zianze kazi. Kila mtu ana nakala mbili, moja kutoka kwa kila mzazi; moja ikiharibika, amri hutoka nusu, na chembe zinazobeba rangi hazifiki zote. Huenda zikakosekana pajini, machoni, au ndani ya sikio, ambako bila hizo mtu hasikii.

"Kwa hivyo ni mama wa filimbi," marehemu akasema. "Pumzi ikiwa nusu, walio mbali hawafiki."

Daktari akafikiri kidogo. "Mama, mimi nilifundishwa kwa maneno mengi zaidi."

"Na laana?"

"Laana sijaiona."

"Basi twende nyumbani. Niko na mkutano."

Mkutano huo wa ukoo ulikuwa Jamhuri Dei, Desemba ya mwaka huo, na aliyeuitisha ni yeye.

"Mwaitu, ajenda ni gani?" akauliza Jeremiah, akimwita mama kwa Kikamba.

Mama yake akafungua kitambaa. Kwa wiki tatu hakuwa amepaka masizi.

"Hiyo ni mvi tu!" akapaza sauti Mzee Ndunda kutoka nyuma.

"Mvi gani hii, Ndunda, yenye adabu ya kukaa mahali pamoja? Nilizaliwa nayo. Reuben naye hasikii sikio la kushoto tangu azaliwe, na nyinyi mkaita kiburi. Huyu mtoto ni damu yangu kupitia kwa Reuben. Anayetaka kumfukuza aanze na mimi."

Pale nyuma dada wa marehemu, Nthambi, aliyetoka Katangi, akafungua kitambaa chake pia. Mzee Ndunda akaketi.

"Mwaitu, jifunike, jua ni kali," Jeremiah akasema kwa sauti ya chini.

"Jua nimelizoea. Jibu."

"Mwelu arudi."

Krismasi hiyo Mwelu na Nduku waliila Masii. Kitambaa hakikuvaliwa tena. Mchungaji aligusia jambo hilo mara moja, hakurudia. Nduku alipoanza shule ya viziwi, marehemu alijifunza lugha ya ishara akiwa na umri wa miaka sitini na tisa, akawa anaitumia hasa wakati wa mahubiri marefu.

Alianza kuugua presha mwaka 2003. Alipatwa na kiharusi Februari mwaka huu, akaaga dunia Jumanne, tarehe 7 Machi 2006, hospitalini mjini Machakos. Ishara yake ya mwisho, kwa mkono uliobaki na nguvu, ilimtuma Nduku akafunge ng'ombe.

Ameacha dada yake Nthambi, mwanawe Reuben na mkewe Mwelu, wajukuu tisa wakiongozwa na Nduku, ambaye ndiye atakayetupa udongo wa kwanza, na kizazi kizima cha matuta. Apumzike kwa amani, kwani aliipata angali hai.

Ameacha pia kifungua mimba wake Jeremiah, mwenyekiti wa ukoo, ambaye tangu mwaka 1971 hunyoa kichwa chote kila Jumamosi asubuhi, lakini kwa shughuli za msiba huu hajapata nafasi.