Mama Dirisha Anaondoka, Kiti Kibaki

Baada ya miaka thelathini na miwili ya utumishi, ishirini na saba kati yake kwenye dawati la leseni za silaha, afisa tuliyezoea kumwita Mama Dirisha anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe 30 Juni. Hafla itafanyika saa nane mchana katika ukumbi wa mikutano. Hotuba zitakuwepo, na nyingi zitasema kwamba alikuwa mchapakazi, mpole na msikivu wa maagizo. Uchapakazi hauna ubishi. Hayo mengine mawili waulizwe wakuu sita wa kituo waliowahi kubishana naye, na wa sita atakuwa mstari wa mbele, akizisikiliza.

Jina lake limetokana na dirisha lililo mwisho wa korido ya chini, mkabala na choo cha wageni: kioo chenye tundu la kuongelea na mwanya wa kupitishia karatasi. Fundi aliyekata tundu hilo lazima alikuwa mfupi, maana kila mwenye bastola, bunduki ya kuwindia au gobore la urithi katika eneo letu amelazimika kuinama ili asikike. Mara tatu idara ya majengo ilitaka kulipandisha. Mara tatu Mama Dirisha alikataa. "Waache wainame kidogo," alisema. "Wanachokuja kuomba ni kizito."

Alianza kama mpiga chapa wa masjala, akahamia dawatini wakati rejista zikiandikwa kwa karatasi ya kaboni na vidole vyake vikirudi nyumbani vikiwa vya buluu. Yeye ndiye aliyeweka ndoo ya mchanga nje ya mlango, na sheria yake haikuwa na msamaha: hakuna silaha inayoingia ndani kabla mwenyewe hajaielekeza mchangani na kuonyesha kuwa haina kitu. Mfanyabiashara mmoja maarufu alikasirika. Aliapa kwamba bastola yake ilikuwa tupu tangu mwaka jana, akabonyeza ili kumkomoa, na ndoo ikapigwa risasi. Mheshimiwa alijikuta amekaa chini, suruali imejaa mchanga. Mama Dirisha hakucheka. Alichukua kalamu akaandika kwenye daftari la siku: "Mchanga ubadilishwe." Sisi tulicheka kwa niaba yake, na tunaendelea mpaka leo.

Lakini ndoo haikumpa heshima aliyo nayo. Heshima yake ilianzia kwenye kosa, na kwa kuwa mwenyewe hajawahi kulificha, jarida hili la kituo halitamfichia.

Miaka kumi na tisa iliyopita, mama mmoja wa makamo alikuja dirishani, akainama kama wengine, akauliza: "Samahani dada, leseni ya mume wangu inaisha lini?" Mama Dirisha alifungua rejista. Zilibaki wiki tatu. Alifikiri mume kamtuma, kama waume wengi wanavyowatuma wake zao kupanga foleni. Akamjibu kwa uchangamfu: "Wala usihofu, shemeji yetu tunamfahamu. Tutamwongezea tu." Yule mama akashukuru, akaondoka. Wiki tatu baadaye leseni ikaongezwa. Kanuni hazikutaka mtu akatembelewe nyumbani wakati wa kuongeza muda, na faili lilikuwa na picha safi ya kasha la chuma lililofungwa ukutani. Mwezi uliofuata yule mume alimpiga mkewe risasi jikoni kwao. Mke hakufa, ila mkono wake wa kushoto haukunyanyuka tena.

Kesi ilipofika mahakamani, mwendesha mashtaka alimwuliza yule mama kama aliwahi kutoa taarifa polisi. Alisema: "Nilikwenda. Niliuliza leseni yake inaisha lini. Nilitaka kujua nimebakiza siku ngapi za kuvumilia. Wakaniambia nisihofu, wataongeza." Hakimu akauliza ni nani aliyemwambia hivyo. Hakumjua, mama mmoja tu, dirishani.

Mama Dirisha alikuwa amekaa benchi la nyuma na rejista mapajani, akisubiri kuitwa athibitishe kwamba silaha ilikuwa na leseni halali. Hakusubiri. Alisimama. "Ni mimi, Mheshimiwa." Hakimu akamwamuru akae, na waandishi wa habari wakaandika.

Mkuu wa kituo wa wakati ule alimngoja mlangoni, mishipa ya shingo imemtoka. "Nani alikuuliza wewe?"

"Yeye, afande. Aliniuliza, nikamjibu vibaya."

Alipewa barua ya onyo. Ipo kwenye faili lake, nasi tumeisoma. Inamlaumu kwa kuzungumza mahakamani bila kuruhusiwa. Kuhusu jibu alilotoa dirishani hakuna hata nukta, kwa sababu lile jibu lilikuwa sahihi kabisa kwa mujibu wa kanuni. Soma tena hapo, ndugu msomaji, kisha utuambie nani alistahili barua.

Ukimwuliza mtu yeyote sheria ya silaha ni ya nini, atakwambia ni ya majambazi. Upuuzi mtupu, na tumeulea wenyewe katika semina zetu. Jambazi haji dirishani kujaza fomu na kubandika picha mbili. Sehemu kubwa ya sheria ile inamhusu mtu anayefahamika, mwenye wadhamini wawili, anayesalimiana na kila mtu, ambaye silaha yake inalala kwenye droo pembeni ya kitanda. Sheria inauliza kama mtu huyo anafaa. Na katika nchi nzima hakuna anayejua jibu kuliko yule anayelala upande wa pili wa kitanda hicho. Sisi tulikuwa tunamwuliza mwenye bunduki, wadhamini wake na picha ya kasha. Yeye tulikuwa tunamwambia asihofu.

Mama Dirisha aliichukua ile sheria akaenda nayo nyumbani, akaisoma kama mtu anayetafuta kitu alichokipoteza mwenyewe. Alikikuta. Kilikuwa kifungu kifupi, kilichotungwa kabla hajaajiriwa: afisa akiwa na sababu za kuridhisha kuamini kwamba mwenye silaha amekuwa hatari kwa mtu yeyote, mkuu wa kituo anaweza kuagiza kwa maandishi silaha iletwe na kuhifadhiwa wakati uchunguzi ukiendelea, na mwenye silaha akikaidi, polisi waingie waichukue. Haihitajiki damu kwanza. Alipopekua rejista zote za kituo, alikuta kifungu hicho hakijawahi kutumika hata mara moja.

Kesho yake alibeba kiti cha mbao kutoka kantini, akakiweka ndani, nyuma ya mlango wa ofisi yake, mahali ambapo aliyepo koridoni hamwoni aliyekaa. Kuanzia siku hiyo, mtu yeyote akija kuuliza tarehe ya leseni isiyo yake, hakujibiwa kupitia tundu. Mama Dirisha aliinuka, akazunguka, akafungua mlango. "Karibu ndani, mdogo wangu. Kaa kwanza." Alimpa maji, akafunga rejista, akanyamaza. Wengi wetu hatuwezi kunyamaza dakika mbili. Yeye aliweza nusu saa.

Mkuu wa kituo alipoona agizo la kwanza limeletwa kusainiwa, alilisukuma pembeni. "Mama, unataka tuwanyang'anye watu silaha kwa maneno ya jikoni?"

"Afande," alisema, "risasi nayo ilipigwa jikoni."

Akasaini.

Tangu hapo watu mia moja na kumi na wanne wamekaa kwenye kiti kile. Si wote walikuwa na hofu. Mmoja alitaka kujua leseni ya jirani yake inaisha lini kwa sababu jirani alitishia kumpiga risasi jogoo wake anayewika mapema mno. Alipewa kiti na maji vilevile, na jogoo, kwa taarifa tulizopata, alifariki kwa uzee. Silaha sabini na moja zililetwa kituoni kwa kifungu kile. Karibu nusu zilirudishwa baada ya uchunguzi, maana Mama Dirisha hakuwa mtu wa kuonea. Mlinzi mmoja wa shamba alinyang'anywa bunduki kwa fitina ya kaka yake aliyegombania naye mpaka wa kiwanja; ukweli ulipojulikana, Mama Dirisha aliibeba mwenyewe hadi getini, akamwambia, "Baba, tulikukosea. Saini hapa, na hapa, na unisamehe." Zile nyingine hazikurudi. Katika sabini na moja hizo, hakuna hata moja iliyowahi kumlenga mtu wa nyumbani tena.

Hapa lazima tumtaje Filimbi, afisa anayerithi dawati, aliyetujia miaka minne iliyopita kutoka kikosi cha barabarani pamoja na tabia yake ya kusimamisha kila kinachotembea. Mwanzoni alikicheka kile kiti. Alikiita kiti cha umbea. Kisha siku moja akaja mama mmoja amebeba hotpoti kwenye kikapu, akaiweka kaunta, akasema, "Nimeleta chakula cha baba watoto." Filimbi akafunua. Ndani, juu ya kitambaa cha kufutia vyombo, kulikuwa na bastola.

Filimbi akatoa pingu. Kwa haki kabisa, alidhani: mtu asiye na leseni amebeba silaha barabarani, kosa liko wazi. Mama Dirisha akaiweka bastola mchangani, akaitoa risasi sita, kisha akamwuliza yule mama kwa nini hotpoti. "Maana ndicho chombo pekee asichokifunua," akajibu. "Tangu tuoane anasubiri kupakuliwa."

Mama Dirisha akamgeukia Filimbi. "Mwanangu, rudisha hizo bangili zako mfukoni. Fungua sheria usome nani hahesabiwi mkosaji." Filimbi akasoma kwa sauti: anayepeleka silaha moja kwa moja kituo cha karibu kwa nia ya kuisalimisha. Katika rejista ya siku ile Mama Dirisha aliandika: "Imesalimishwa na mwanakaya. Hotpoti imerudishwa." Filimbi ndiye aliyembebea yule mama kikapu hadi kwenye kituo cha basi, na neno umbea hatujalisikia tena kinywani mwake.

Sasa tufike kwenye kinachotuuma. Waraka umeshuka kutoka juu: kuanzia mwezi ujao maombi yote ya leseni yatafanywa kwa simu na kompyuta. Mwenye silaha atapiga picha kasha lake, atatuma, na mtambo wenyewe utamkumbusha tarehe. Dirisha lizibwe, ofisi igeuzwe ghala. Hatupingi kompyuta. Karatasi ya kaboni hatuitamani. Tunachouliza ni kimoja: yule asiye na leseni, asiye na namba ya siri ya kuingilia kwenye mtambo, anayetaka tu kujua amebakiza siku ngapi, akaulize wapi? Mtambo utamwambia asihofu kwa uchangamfu uleule, na hautasimama mahakamani kusema ni mimi.

Mama Dirisha alipoulizwa angependa zawadi gani, hakutaka friji wala kitenge. Alisema, "Kiti kibaki." Mpaka wiki iliyopita hakuna aliyethubutu kumwahidi.

Alhamisi ya wiki hiyo, asubuhi, fundi seremala alikuja kupima dirisha ili akakate mbao za kuliziba. Alikuwa ametandaza futi yake kwenye kioo, penseli sikioni, Filimbi akimshikia ncha ya pili kutoka ndani, kupitia mwanya wa karatasi. Nyuma ya fundi alisimama mzee mmoja mwenye kofia mkononi, akisubiri kwa adabu. Fundi akamwambia, "Mzee, hapa pamefungwa, mambo yote siku hizi kwenye simu." Mzee akasema hana shida kubwa, anauliza tu. Akainama chini ya futi, akasogeza mdomo tunduni.

"Ya mwanangu inaisha lini?"

Mama Dirisha alikuwa mezani, akipanga vitu vyake kwenye boksi. Alisikia. Sote tuliokuwepo tulimtazama tukisubiri ainuke, kama alivyoinuka mara mia moja na kumi na tatu. Hakuinuka. Alimtazama Filimbi.

Filimbi aliachia futi, ikajikunja ikamchapa fundi vidole. Akazunguka, akafungua mlango. "Karibu ndani, baba. Kaa kwanza." Akamimina maji. Akafunga rejista. Kisha akamwambia fundi, bila kumpigia filimbi, kwamba aende, na akihitajika ataitwa.

Mzee alikaa dakika arobaini. Agizo lilisainiwa kabla ya chakula cha mchana. Mkuu wetu wa kituo, tumpe haki yake, alisoma mara moja tu na hakusema lolote kuhusu jikoni. Bunduki ya yule kijana imo ghalani kwetu, namba yake imeandikwa, uchunguzi unaendelea. Na hadi tunapeleka jarida hili kuchapwa, fundi hajaitwa. Mkuu wetu ana kalamu. Tunamwomba hadharani, mbele ya wasomaji wote, aitumie kujibu ule waraka kwa mstari mmoja kwamba dirisha hili litabaki wazi.

Mama Dirisha, asante. Asante kwa ndoo, kwa kifungu, kwa kusimama mahakamani kabla hujaitwa, na kwa kubaki umekaa Alhamisi ile, jambo ambalo tunajua lilikugharimu zaidi. Pumzika, dada yetu. Lala hadi jua likuchomee shuka, wajukuu wakuchoshe, na afya ikufuate kila uendako. Siku ukitukumbuka, usije kuinama tunduni kama mgeni. Zunguka upande wa mlango. Aliyepo ataufungua, na kiti utakikuta palepale ulipokiweka.