Lile Pengo Lilikwenda Wapi?

Kijiwe chetu ni taruma la reli lililostaafu, limelazwa juu ya matofali karibu na stesheni ya Tabora. Mimi Levina nauza hapo kahawa na kashata. Shule yangu ni masikio. Asubuhi ile walikaa watatu. Awadhi tunamwita Redio, maana hazimiki. Ngassa ni Mabega: babu wa babu yake alikuwa mpagazi, alibeba pembe za ndovu kutoka hapa mpaka Bagamoyo, na tumeambiwa hivyo kila siku ya Mungu. Wa tatu ni Anton wa bodaboda. Mguu wake ulivunjika njia ya Sikonge, ukaunga, ukabaki mfupi. Mkewe, Julieth, alikuwa karibu kujifungua.

Redio alikuwa ameshawaka.

— Jana nimesikia kipindi. Zamani msomi mmoja Mfaransa alisema twiga alikuwa na shingo fupi kama mbuzi. Akajinyoosha kufuata majani ya juu, shingo ikarefuka, mtoto akairithi.

— Mvumilivu hula mbivu, akasema Mabega.

— Majani, mzee, siyo mapapai! Baadaye akaja Mwingereza. Akalichukua lile wazo la viumbe kubadilika. Akatazama wafugaji wa njiwa wanavyochagua dume la mbegu. Akasoma kwa mwenzake kwamba wanaozaliwa ni wengi kuliko chakula. Akaunganisha: twiga huzaliwa tofauti tofauti, ukame ukija, mwenye shingo ndefu kidogo ndiye anayekula, ndiye anayebaki kuzaa.

— Huyo wa pili simtaki. Mimi ni mtu wa Mfaransa. Redio, shika bega hili! Gumu kama kinu. Hiyo ni pembe ya ndovu, imenifikia kwa damu.

— Ngassa, nikamwambia, si ulipakia magunia ya tumbaku tangu ujana?

— Bibi, maji hufuata mkondo!

Redio badala ya kumzuia akapanda juu zaidi.

— Basi wajukuu zetu watazaliwa na kidole gumba cha kubonyezea simu.

— Na watoto wa bodaboda, akadakia Mabega, watatoka tumboni wamepanua miguu, wanaita abiria!

Tukacheka. Anton hakucheka. Kahawa yake ilikuwa imepoa mkononi.

— Kwa hiyo mwanangu atachechemea?



— Labda kidogo tu, akasema Mabega, nikatamani kumpiga na koleo la makaa.

— Kila nikilala namwona, akasema Anton. Anatembea kama mimi, wenzake wanamwiga nyuma.

Ndipo Julieth akatokea, anarudi kutoka kliniki, mkono mmoja kiunoni, kikapu mkono wa pili.

— Shikamooni. Mbona kama mmefiwa?

— Marahaba, mwanangu, nikamjibu. Hawa wanasema kilichompata baba mwilini, mtoto hukirithi.

Akautazama mguu wa mumewe. Akajiketisha pembeni yangu taratibu.

— Bibi, mama yako alichongwa meno?

— Alichongwa, kama wenzake wote. Pengo hapa mbele, ndio urembo wa Wanyamwezi wa zamani. Alikuwa akiniambia, "Levina, mimi nilipocheka, vijana walipotea njia." Na mama yake alichongwa, na bibi yake pia.

— Na wewe?

— Kwangu desturi ilikuwa imeshaachwa.

— Sasa meno yako yaliotaje?

— Yalibanana, mwanangu. Hata unyasi haukupita.

— Vizazi vyote hivyo vya kuchonga! Lile pengo lilikwenda wapi?

Mabega alijishika bega kama mtu aliyeibiwa sokoni. Anton ndiye aliyeanza, polepole kwanza, kisha akacheka mpaka akajifuta machozi. Akaimaliza ile kahawa baridi kwa mkupuo, akaninyooshea kikombe.

— Bibi, niongeze.

Nikainamisha birika. Likatoa mashapo matupu.

— Imekwisha, baba. Mpeleke mwenzio akapumzike.

Akakipokea kikapu cha mkewe, wakashika njia. Mguu wake ulichechemea vilevile. Ila ule mzima ulikuwa unacheza ngoma.