Dagaa Tuliowanyima Watoto Wenye Surua

Mgeni rasmi, Bwana Ildefons Rugaibula, mwenye kambi hii na mnunuzi wetu, Mchungaji, Bwana Maige, msimamizi wetu, nanyi wageni mliovuka ziwa kutoka Muleba na Bukoba: karibuni sana Rwamashenyi. Tumefurahi mmefika salama, maana upepo wa leo haukuwa na utani.

Mgeni rasmi, umekuja kuzindua vichanja vipya vya waya vya kuanikia dagaa. Tumevishika, ni imara, tunakushukuru kwa dhati. Hata hivyo, kikao chetu kilikubaliana kwamba risala hii ieleze yaliyompata mwenzetu mmoja, Rozi. Tunaomba utuvumilie.

KUNDI LETU

Sisi ni wanawake arobaini na mmoja. Wapo Wahaya wa Kagoma na Kaagya, wapo Wakerewe na Wasukuma waliofuata waume zao kwenye uvuvi. Mitumbwi ikitia nanga asubuhi, sisi tunapokea dagaa, tunaosha, tunaanika, tunageuza, tunafunga. Msimu huu hakuna gunia letu hata moja lililorudishwa kwa sababu ya mchanga. Dagaa wanaomwagika chini tunawafagia, nao wanakwenda Bakoba, kule Bukoba mjini, kulisha kuku. Kuku wa Bakoba, mgeni rasmi, wana afya njema kabisa.

Watoto wetu wanakula ugali wa muhogo kwa chai ya rangi. Kisiwa ni mawe matupu, mchicha hauoti, na sheria ya kambi inasema dagaa hawatoki vichanjani. Hatukuwahi kulalamika. Tuliwazoea dagaa kama bidhaa, tukasahau kwamba ni mboga.

SURUA

Boti ya chanjo ilikuja mwezi wa tatu, siku ambayo mitumbwi ilirudi imejaa pomoni. Anayeacha kichanja siku kama hiyo anakuta nafasi yake ina mtu. Rozi alibaki akigeuza dagaa, na wengi wetu tulibaki naye. Boti ikaondoka.

Surua ilipoingia, ilimkuta binti yake Jenifa, mwenye miaka sita. Rozi alitujia, akauliza afanye nini. Hapa hatutamsingizia mtu: sisi ndio tuliomfundisha. Bibi Alistidia alimwambia mbele yetu sote, "Mawe, mama yangu! Usimpe samaki, usimpe mafuta. Harufu ya samaki inazuia vipele visitoke, surua inarudi ndani inamuua. Mpe uji mweupe tu." Sote tukaitikia, maana ndivyo mama zetu walivyotulea.

Rozi ni mtiifu. Kila jioni akitoka vichanjani alisugua mikono kwa majivu mpaka ngozi ikachubuka, ili harufu ya dagaa isimfikie mtoto. Alimpikia uji wa muhogo siku tisa. Jenifa alipolia kwamba macho yanawasha, Rozi alifunga dirisha, akamwimbia. Siku ya kumi alimsogezea kikombe, na mtoto akapapasa pembeni yake. Macho yalikuwa na utando mweupe.

Tulimvusha kwa mtumbwi hadi zahanati ya ng'ambo. Sista Evelyne alimpima, akampa matone ya vitamini A, kisha akamgeukia Rozi.

"Siku zote hizi alikuwa anakula nini?"

"Uji, sista."

"Na nini kingine?"

"Uji tu."

"Mama, wewe unafanya kazi gani?"

"Naanika dagaa."

Sista alikaa chini. Akaeleza polepole kwamba kirusi cha surua kinampata yeyote asiye na chanjo, lakini kikikuta mwili uliokosa chakula chenye vitamini A kinaumiza zaidi, na macho ndiyo yanayoharibika. Mtoto mgonjwa anahitaji kula zaidi, si kupunguziwa. Dagaa mzima, na kichwa chake, ni katika vyakula ambavyo vingemsaidia. Rozi alitazama mikono yake. Matone yalikuwa yamechelewa. Jenifa haoni tena.

Hilo tutalibeba sisi mpaka kaburini. Tuliukosea mwili wa mtoto kwa mapenzi, na mapenzi yetu hayakumsaidia kitu.

BAKULI MOJA

Rozi ana mtoto mwingine, Abel, wa miaka miwili. Sista alimchanja siku ileile, akasema amlishe vizuri, kwa kuwa mtoto ameshadhoofu. Rozi aliporudi kazini alichukua bakuli moja la dagaa, akalifunga ndani ya kanga, ili amtwangie kwenye uji. Bwana Maige akaliona. Hatumlaumu, alifuata sheria. Rozi aliondolewa kazini siku hiyohiyo, na chumba anachokaa ni cha kambi. Ameambiwa awe ameondoka Jumatatu. Hana kwao pa kurudi, mume alizama mwaka juzi. Nyumba nne zaidi zina watoto wenye vipele hivi sasa.

TUNACHOOMBA

Mgeni rasmi, tunaomba Rozi arudishwe kichanjani kabla ya Jumatatu. Tunaomba kila mama mwenye mtoto aondoke na bakuli moja kwa siku, mchana kweupe, bila kuficha kwenye kanga. Tunaomba siku ya chanjo asiwepo anayepoteza nafasi yake. Ukiona ni mengi, basi utukubalie ombi la Rozi leo, hapa, kabla hujakata utepe. Sisi arobaini tumekubaliana kwamba yeye akipanda boti Jumatatu, tutapanda naye, na vichanja vipya vitabaki na waya wake. Tunalisema kwa heshima yote, na kwa woga pia.

Mungu akuvushe salama, akukutanishe na wajukuu wako wakiwa wazima, wakukimbilie wakikuona.

Zawadi yetu kwako ni mkeka tuliousuka wenyewe. Atakayekukabidhi ni Jenifa, ndiye huyu aliyesimama na mama yake. Tunakuomba usimsubiri ulipokaa. Inuka umfuate, kwa sababu hajui uko upande gani.

Ni sisi,
Umoja wa Wanawake Waanika Dagaa, Mwalo wa Rwamashenyi, Muleba.
Imesomwa na Kemilembe, katibu.