Mzee Jalada na Hundi Iliyovishwa Plastiki

Ijumaa tarehe 30 mwezi huu, saa kumi jioni, Mzee Jalada atavua aproni yake iliyokauka gundi na kuitundika kwa mara ya mwisho kwenye msumari wa chumba cha kujalidi vitabu. Atakuwa ametimiza miaka thelathini na mmoja katika kiwanda chetu cha uchapaji. Msumari huo aliupigilia mwenyewe wiki yake ya kwanza ya kazi, na mpaka leo hakuna aliyethubutu kutundika kitu kingine hapo.

Aliingia kama mfagiaji wa vipande vya karatasi. Akahamishiwa kwenye gundi, kisha kwenye uzi, na fundi mkuu wa kujalidi alipohama akaachiwa chumba kizima. Vitabu vya risiti, madaftari ya shule, kalenda, kadi za kliniki, vyote vimepita mikononi mwake. Kitabu kikifungwa na Mzee Jalada, utachoka wewe kukisoma kabla uzi haujalegea.

Sasa tuseme ukweli, maana anaondoka na hawezi tena kutunyima gundi: mzee huyu ametukera. Amewahi kurudisha oda nzima ya kalenda kwa sababu mwezi wa Agosti ulikuwa umepinda kidogo, upindo ambao wengine wote tulilazimika kuvaa miwani ili tuuone. Ukimwazima rula, anakufuata nyuma hadi umalize. Na kubwa kuliko yote ni ile mashine yake ya kuvisha plastiki. Karatasi yoyote aliyoiona ya maana aliivisha. Alivisha ratiba ya zamu, akavisha tangazo la choo, akavisha fomu ya likizo ya dereva wetu kabla dereva hajaijaza, na dereva akakaa wiki nzima akitafuta kalamu inayoandika juu ya plastiki.

Upande mwingine wa ukorofi wake ndio tunaoringia. Kisu cha kukatia karatasi kina vitufe viwili, kimoja kushoto na kimoja kulia, na hakishuki mpaka vibonyezwe vyote kwa pamoja. Maana yake mikono yote miwili iko juu ya vitufe, na hakuna mkono unaobaki chini ya kisu. Mzee Jalada hajamruhusu mtu kugusa mashine hiyo kabla hajasimama naye asubuhi nzima akibonyeza vitufe bila karatasi. Tulimwita mwalimu wa chekechea. Lakini katika miaka yote hiyo, kila aliyefanya kazi chumbani mwake ametoka na vidole kumi, na viwanda vya jirani haviwezi kusema hivyo.

Ukorofi huo wa aina mbili, wa vitufe na wa plastiki, ndio uliotuletea kisa cha hundi. Kwa kuwa kila mtu anakisimulia kivyake, nimeombwa nikiandike hapa kama kilivyokuwa.

Mwaka jana kisu chetu cha zamani kilikuwa hoi. Wanachama wa ushirika tulikuwa tumekubaliana, kwa kunung'unika, tusichukue bonasi kwa misimu miwili ili tununue kingine. Muuzaji mmoja, ambaye humu atakuwa Bwana Mitambo, alituonyesha ghalani kwake mashine ya kijani iliyotumika lakini yenye afya. Alikataa hundi ya kawaida. Alitaka hundi ya benki, ile ambayo benki inaiandika yenyewe baada ya kuzitoa pesa kwenye akaunti yako. Uzuri wake ni kwamba muuzaji analala usingizi. Ubaya wake tulikuja kuujua baadaye: hundi ikibaki imelala mezani, pesa haipo kwako wala haipo kwake. Inaning'inia.

Mhasibu wetu, tunayemwita Mama Risiti, aliichukua hundi hiyo benki Alhamisi tarehe 14 Machi. Mashine ililetwa kesho yake. Dereva wa Bwana Mitambo alikuwa apewe hundi baada ya kuishusha, lakini Mzee Jalada hakungoja ishushwe. Alipanda juu ya lori, akamtaka fundi umeme wetu avute waya hadi pale, na fundi umeme akauvuta huku akilalamika. Mzee akabonyeza kitufe cha kushoto peke yake, kwa kidole kimoja. Kisu kikashuka.

Alifungua kifuniko cha kitufe cha kulia, akakuta kimegandishwa kwa kipande cha boksi ili mashine iendeshwe kwa mkono mmoja. Tena haikuwa hata ile tuliyoonyeshwa. Rangi ya kijani ilikuwa bado inanuka. Mzee alishuka taratibu, akajipangusa mikono, akamwambia dereva: "Rudisha, baba. Hii ni mashine ya kuzalisha vilema."

Bwana Mitambo alipiga simu akifoka kwamba kitu kikishapakiwa kimeshauzwa. Akaiandikia benki barua kwamba pesa ni zake na sisi tumezuia hundi yake. Mama Risiti hakutishika. Hundi ilikuwa mkononi mwetu, haijaguswa, na Jumatatu angeirudisha benki ifutwe, pesa zirudi kwenye akaunti. Aliiweka kwenye trei ya mezani kwake, akaenda ofisi ya meneja kubishana na ile simu.

Jioni hiyo mvua ilinyesha. Wote tunaijua kona ya ofisi ya uhasibu inayovuja. Mzee Jalada alipita kama ilivyo kawaida yake kila Ijumaa, kuchukua vitambulisho vya kuvisha plastiki, akaona hundi na tone la maji likiwa limeanguka kando yake. Aliichukua, akaivisha, akaikata pembe zake nne ziwe mviringo ili zisimchome mtu, akairudisha kwenye trei na kwenda nyumbani na roho nyeupe.

Jumatatu asubuhi Mama Risiti aliikuta hundi inang'aa. Aliketi. Akamwita mzee na kumuuliza nani alimtuma, mzee akajibu kwamba maji yalikuwa yanadondoka. Akamuuliza kwa nini hakuisogeza tu. Mzee akaishika trei, akaisogeza.

Kilichofuata kilitutoa jasho wote. Karani wa benki aliipinda hundi, akaikwaruza kwa ukucha, akawaita wenzake watatu waje kuishangaa, kisha akamwambia Mama Risiti alete hundi halisi. Mama Risiti akamweleza kwamba hiyo ndiyo halisi. Karani akamjibu kwa upole kabisa kwamba hundi halisi haing'ai. Siku nyingine walikubali ni halisi lakini imeharibiwa, na hundi iliyoharibiwa inahesabiwa kama iliyopotea, kwa hiyo ipatikane ripoti ya polisi. Kituoni, afisa aliitazama hundi, akamtazama Mama Risiti, akasema hawezi kuandika kwamba kimepotea kitu ambacho kimewekwa juu ya kaunta yake. Akamshauri akaipoteze kwanza.

Aliporudi benki alimkuta mtu mwingine dirishani, naye akaanza upya kwenye ukucha.

Mwishowe meneja wa benki alisema la maana. Ripoti haihitajiki. Pesa zitarudi kukiwa na dhamana yetu iliyogongwa muhuri wa wakili, pamoja na barua ya Bwana Mitambo mwenyewe akikiri kwamba hana dai lolote juu ya hundi hiyo. Dhamana tuliipata. Kuhusu barua, Bwana Mitambo alicheka kwenye simu hadi Mama Risiti akaisogeza mbali na sikio. Alikuwa ameshasikia habari za plastiki. Akasema tuchukue mashine ya kijani kwa bei ileile, vinginevyo pesa zikae hukohuko zilipo.

Kamati ya ushirika ilikutana ikiwa imefura. Kila mmoja aliyekuwa mezani alikuwa amekosa bonasi mara mbili, na maneno yaliyosemwa siku hiyo hayafai kwenye jarida hili. Mzee Jalada alisimama akiwa na aproni yake. Alisema kwamba kosa ni lake, na pesa zisiporudi mpaka siku anastaafu, zikatwe kwenye kiinua mgongo chake. Sote tulijua kiinua mgongo hicho ni cha nini. Yeye na mkewe wamekuwa wakijenga nyumba chumba kwa chumba tangu mtoto wao wa mwisho aanze shule. Kuta zimesimama na madirisha yapo. Bati bado, na bati linangoja kiinua mgongo.

Kamati iliandika hivyo hivyo, kwa hasira, ikamwachia na hundi yake aihangaikie. Nadhani kila aliyesaini aliona haya alipofika nyumbani.

Mkewe alipopata habari hakugomba. Alimkuta jikoni na pasi ya moto, akijaribu kuilegeza plastiki kwa mvuke, na kona moja ya hundi imeanza kujikunja. Alimnyang'anya pasi. Tunaambiwa alimwambia kwamba ameshaharibu karatasi, asiharibu na pasi, na kama kuna mtu wa kubanduliwa basi ni yule mwenye ghala.

Kesho yake mzee aliomba ruhusa ya kutoka baada ya chakula cha mchana. Akaiomba tena siku iliyofuata, na nyingine, hadi zamu zetu zikavurugika na kila mtu akamlaani huku akimshikia kazi. Alikuwa anakwenda ghalani kwa Bwana Mitambo. Aliambiwa bosi hayupo. Akashukuru, akaketi kwenye benchi kati ya pampu mbili za maji, hundi ikiwa mfukoni mwa shati.

Hakumtukana mtu. Ila ghala lina wateja, na wateja huuliza mzee aliyekaa kwenye benchi anangoja nini. Sisi tuliofanya kazi naye tunajua kwamba Mzee Jalada hana hadithi fupi. Aliwaeleza tangu mwanzo: bonasi, lori, waya wa fundi umeme, kipande cha boksi. Alitoa hundi na kuiinua kwenye mwanga. Halafu alinyoosha mikono yake miwili, vidole vyote kumi, akawaonyesha namna ya kukipima kisu: bonyeza kimoja peke yake, uone. Mwenye kiwanda cha mabati alibonyeza kimoja peke yake. Dada mmoja aliyekuja kununua mashine ya kukatia sabuni naye akabonyeza. Baada ya hapo hakuna mteja aliyenunua kitu pale bila kwanza kufungua vifuniko vya vitufe, na mbeba mizigo wa ghala, aliyekuwa ameshaanza kumwita mjomba, ndiye aliyekuwa akimshikia bisibisi.

Bwana Mitambo, ambaye siku zote hizo alikuwa hayupo, alitokea ghafla kwenye mlango wa ofisi yake. Mbeba mizigo ndiye aliyetuletea maneno yake kama yalivyo: "Mpeni barua yake aende zake, kabla hajanivisha na mimi plastiki."

Barua ilisainiwa na kugongwa muhuri. Mzee alirudi nayo akiwa ameishika kwa ncha za vidole, na Mama Risiti alimpokea getini akaichukua kabla hajafika karibu na chumba chake. Hata hapo benki haikukosa la kutusumbua. Muhuri wa kufutia ulikataa kushika juu ya plastiki. Kila walipougonga, wino ulifutika kwa kidole gumba. Karani aligonga mara nyingi, akazidi kujipaka wino, mpaka meneja akatoka na mashine ya kutobolea karatasi na kuitoboa ile hundi katikati. Ilitoboka vizuri sana. Mzee Jalada, aliyekuwepo, aliwaambia kwamba inategemea unene wa plastiki, na Mama Risiti akamvuta mkono watoke nje.

Pesa zilirudi kwenye akaunti wiki hiyohiyo. Tulinunua kisu kwa mtu mwingine, baada ya mzee kukipima hadi muuzaji naye akakaribia kulia. Sasa kinaendeshwa na binti wa zamu ya asubuhi, aliyesimama na Mzee Jalada asubuhi nzima akibonyeza vitufe bila karatasi. Juzi nilimkuta akimfanyia mwenzake mgeni vilevile, na mgeni akilalamika vilevile.

Mzee wetu, kamati imenituma niseme kwamba yale maandishi ya siku ile yamefutwa, na kwamba wahusika wanaomba radhi. Tunakushukuru kwa kila uzi, kwa kalenda zisizopinda na kwa vidole vyetu. Mama, mkewe, tunakushukuru kwa kumnyang'anya ile pasi.

Mzee, siku ya Ijumaa utakabidhiwa hundi ya kiinua mgongo chako, kamili, haijapunguzwa hata senti. Itakuwa kwenye bahasha ya kawaida. Mama Risiti atakusindikiza nayo hadi benki mkono kwa mkono, na fundi umeme ameagizwa kuchomoa waya wa ile mashine yako tangu saa sita mchana. Tafadhali usiiulizie. Nenda kapige bati, mzee wetu, na mvua ikinyesha ikukute ndani, wewe na mama, pakavu na kwa afya njema.