Aliyebaki na Mama

Benchi letu ni mlango wa kabati uliolazwa juu ya matofali, mbele ya kibanda cha kinyozi. Jioni ile tulijibana ili Kitinda, fundi saa, apate pa kukaa. Jina tulimpa kwa sababu ni kitindamimba wa mama yake, na hatukuwa tumemtia machoni tangu tulipomzika mama huyo. Kaka zake watatu walikuja msibani, wakalia, wakarudi mijini kwao. Yeye ndiye aliyemuuguza miaka yote. Sasa amekaa nasi, na hakuna aliyejua pa kuanzia. Basi kinyozi akaleta habari za redioni.

— Jana daktari wa akili kaongea. Kumbe hadithi zote tulizosimuliwa utotoni zinatusema sisi! Msitu si msitu. Msitu ni kichwa chako mwenyewe.

— Chako kilivyo na upara, basi ni jangwa, akasema Bi Kahawa, muuzaji wetu, akimimina vikombe.

— Sikiliza, dada'angu. Na zimwi si zimwi, ni hofu yako. Shujaa anatoka kwao, anapambana na zimwi, anarudi mtu mzima. Ndiyo wahenga wakasema, samaki mkunje angali mbichi.

— Samaki kaingiaje msituni? nikauliza.

— Wewe shona viatu tu.

— Haya, viatu basi. Kama msitu ni kichwa, viatu vya shujaa ni wazazi wake. Vikimbana, anaondoka mapema.

— Na mama wa kambo? akauliza Bi Kahawa.

— Huyo ni mama yuleyule mzazi, siku akikasirika, akajibu kinyozi.

— Hapo umenena. Wangu wananiona wa kambo kila Jumatatu. Na binti mfalme?

— Binti mfalme ni shujaa mwenyewe, ule upande wake wa ndani.

— Ina maana anajioa?

— Anajioa, mahari anajilipa, na mshenga ni yeye!

Tukacheka. Hata Kitinda alitabasamu, na kinyozi akaona kapata mlango. Akampiga begani.

— Na anayeshinda siku zote ni nani? Mdogo wa mwisho! Wakubwa wanapotea njia, kitindamimba anarudi na ufalme. Kikulacho ki nguoni mwako, ndugu yangu.

Alitaka kumfariji, masikini. Kitinda akakizungusha kikombe mkononi.

— Kwetu walioenda ni wakubwa, akasema. Mimi nilikuwa na dawa za mama, asubuhi na jioni. Jana nimejisahau, nikapika cha watu wawili. Nikala changu. Halafu nikakaa hapo, nakitazama cha mama mpaka kikapoa.

Bi Kahawa akageuza uso pembeni.

Mbele yetu alikuwa amesimama mama mmoja, mpangaji mpya wa mtaani, na saa iliyokatika mkanda. Alikuwa anamngoja fundi amalize kahawa yake.

— Samahanini, jamani, akasema. Nimewasikia tu. Huyo anayebaki nyumbani na mama, yeye safari yake inaanza lini?

Mimi nikaanza kukagua soli ambayo nilishaikagua. Bi Kahawa akainamisha birika, likatoa machicha. Siku nyingine kahawa ikiisha tunanyanyuka wote kwa mara moja, kila mtu na kwake. Siku ile hatukusogea.

Kitinda akaipokea ile saa, akaitazama, akamwambia yule mpangaji arudi kesho. Akasimama, akajikung'uta suruali. Akakaa tena.

— Jamani, kuna anayeelekea upande wangu?

Hakukuwa na mtu. Bi Kahawa anakaa ng'ambo ya reli, mimi nimepanga sokoni, na kinyozi analala chumba cha nyuma ya kibanda hichohicho.

— Mimi, akasema kinyozi.

Akafunga kibanda, akamshika Kitinda mkono, wakaondoka.