Aliyemuua Mbogo wa Lubudi

Mwaka ule wa sabini na sita, treni za kutoka baharini upande wa Angola zilikuwa zimekoma kufika, na mtu wa Kolwezi akikosa chochote, sabuni au msumari, alitafuta wa kumlaumu. Lawama hizo zilikuwa na makao yake: benchi la Mama Kadija, kwenye kona ya kwenda Kasulo. Wazazi wake walitoka Kasongo, na kahawa yake ya tangawizi iliwaamsha watu kabla ya honi ya mgodi. Watatu hawakulikosa benchi hilo. Alimasi, dereva wa kamyo la mizigo, aliitwa Kilometa. Kabongo wa mgodini aliitwa Radio, kwa kuwa habari zake zilitangulia zile za redio, ukweli ukafuata nyuma kwa miguu. Wa tatu alikuwa Barnabé. Kwenye kitambulisho alikuwa Kisimba, maana majina ya watakatifu yalikuwa yamepigwa marufuku, lakini benchi halikuwahi kutii amri hiyo. Siku hizi alilinda geti la ghala. Ujana wake wote aliumalizia Lubudi, akimimina chuma cha moto katika karakana ya mashine za wakulima zilizoitwa Mbogo, kwa kichwa cha mbogo kilichokuwa juu yake.

Asubuhi moja Alimasi alifika na habari.

— Nilipita Lubudi jana. Banaezua mabati ya usine, ile karakana ya Mbogo. Kunabakia kuta tu.

Barnabé alishusha kikombe bila kunywa.

— Basi Mbogo amekufa kabisa, alisema Kabongo. Na mi najua mwenye alimuua. Reli! Makaa ya kuyeyusha chuma ilikuwa inatoka ku bahari. Reli ikafungwa, moto ukazima. Bazee balisemaka: mwenda pole hajikwai.

— Hiyo mezali inaingilia wapi? aliuliza Kadija.

— Treni haiendi hata pole, mama. Njo maana yake.

— Bongo, ni uwongo tu, alisema Alimasi. Usine ilifungwa mbele, reli ikafuata. Mi njo nilikuwa nabeba mashine zake, mpaka Kamina, mpaka Kaniama. Kila mahali bamama banaimba bakiona kamyo.

Kabongo hakukubali kushindwa mapema namna ile.

— Kama si reli, ni bazungu ba trakta. Baliona Mbogo inauzishwa kila mahali. Bakatuma mutu na dawa. Akaitia ndani ya chuma, chuma ikalegea kama bukari ya unga yenye haijaiva.

— Ulimuona? aliuliza Kadija.

— Mutu wa dawa haonekanake!

— Sikiliza, Kilometa alisema, akisogea kama mwenye siri. Ni mbogo mwenyewe, ile nyama ya pori. Hauwezi kutia kichwa yake ku chuma bila kuomba benye inchi, mizimu ya pale. Kila mara nilibeba zile mashine, pneu ya kamyo ilipasuka.

— Pneu zako zilipasuka juu zilikuwa zinazeeka, baba, alisema Kadija. Hata ukibeba pamba.

Walicheka. Barnabé alicheka pia, kidogo, kwa adabu. Lakini moyo wake ulikuwa umeshafika Lubudi.

Alimkumbuka Musyé Yorgo, Mgiriki mwenye karakana, aliyeanza kwa kutengeneza mikokoteni ya wakulima, kisha majembe ya kukokotwa na ng'ombe, kisha ile mashine iliyomtajirisha: ya kupukucha mahindi kwa kuzungusha mkono. Chuma alikipata kwenye reli chakavu na mabaki ya mgodi. Lakini roho ya Mbogo haikuwa chuma wala Yorgo. Ilikuwa mbao. Mzee Omer, fundi wa mbao, alichonga kila kipande kwanza kwa mti mgumu, gurudumu, meno, mpini. Barnabé alikigandamiza kipande hicho kwenye mchanga wenye unyevu, akakitoa taratibu, akamimina chuma kwenye alama iliyobaki. Kichwa cha mbogo, Omer alikichonga akimtazama beberu wake, kwa sababu hakuwahi kumwona mbogo. Wakulima walijua, wakanunua hivyo hivyo.

Kisha redio ikatangaza kwamba biashara za wageni zigawiwe wananchi. Yorgo aliondoka na sanduku moja, akaacha funguo juu ya fuawe. Citoyen mmoja, kama walivyoitwa wananchi hao, akaletwa kuimiliki karakana, mtu wa suti, akauza mashine zote zilizokuwepo na kufanya karamu. Kuni zikakosekana. Wapishi wakaambiwa wachukue mbao zile kavu zilizopangwa kwenye banda.

Barnabé siku hiyo alikuwa Mutshatsha kumzika mama yake. Aliporudi alimkuta Omer amekaa mbele ya majivu, akiyapekua kwa kijiti. Hakulia, hakutukana mtu. Alirudi nyumbani, akafunga patasi zake kwa kitambaa, na mvua zilipoanza akafa.

— Barnabé, wewe ulikuwaka pale, alisema Kabongo. Sema basi. Nani aliua Mbogo?

Kabla hajafungua kinywa, mwanamke mmoja alisimama mbele ya benchi, viatu vyekundu kwa vumbi, akatua mzigo uliofungwa kwa kitenge.

— Bonjour batata, baba zangu. Mi ni Mbelu, natoka Lubudi. Balinielekeza hapa kuko tata mwenye alifanyaka kazi ya Mbogo.

Akafungua kitenge. Lilikuwa gurudumu la meno, limepasuka, nusu yake imesagika.

— Mashine yangu, alisema. Bamama ba kijiji yote banapukuchia kwangu. Mahindi inajaa manyumba, na kapukusu, kale kadudu ka mahindi, ameshaanza kuikula. Tulijaribu na mikono. Muone.

Alionyesha vidole. Ngozi ilikuwa imetoka.

Barnabé alilichukua lile gurudumu, akapitisha kidole gumba mahali palipopasuka.

— Hii nilimimina mi mwenyewe, alisema polepole.

— Aksanti Mungu! Basi umimine ingine.

— Mama, kumimina nitamimina hata kesho, moto tutatafuta. Lakini chuma inafuata mbao. Zile mbao balizichoma, balipikia nyama. Na mwenye alizichonga amekufa.

Kabongo alimgeukia, mdomo wazi. Kwa miaka yote waliyokaa pamoja hakuwahi kusikia hilo. Alimasi aliangalia viatu vyake.

Mbelu aliwaza kidogo. Hakuonekana kukata tamaa; alionekana kama mtu anayetafuta njia nyingine ya kufika sokoni.

— Pole, tata. Na ule muzee, hakufundisha mutu?

Barnabé alimwona tena Omer kichwani mwake, akisimama mlangoni pa karakana, akiwaita vijana wanaopita waje wafundishwe, nao wakimpungia mkono huku wakikimbilia treni ya Kolwezi, kwenye migodi, kwenye mshahara na unga wa kila mwezi. Kabongo alikuwa mmoja wa waliopita pale. Ndugu zake Alimasi pia.

Kadija akammiminia mgeni kahawa, akamsogezea nafasi kwenye benchi. Mbelu alikaa, akapokea kikombe kwa mikono miwili, akangoja. Alidhani wanajaribu kulikumbuka jina la huyo mwanafunzi.